Anwani ya Kitufe

Programu ya kompyuta inayofungua madirisha yake yenyewe, bila kupitia kivinjari, hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo vijenzi vya kiolesura, yaani vitufe, visanduku vya maandishi, orodha, majedwali na fremu zinazovikusanya vyote. Kwa muda mrefu rangi, mpaka na ukubwa wa herufi za kila kijenzi viliandikwa ndani ya msimbo uleule unaofanya hesabu, hivi kwamba aliyetaka kubadili rangi ya kitufe kimoja alilazimika kuupekua msimbo huo na mara nyingi kuiunda programu upya. Laha ya mitindo, ambayo ni orodha ya kanuni za mwonekano inayokaa kando ya msimbo, iliondoa adha hiyo. Mnorwe Håkon Wium Lie aliipendekeza kwa ajili ya kurasa za wavuti mwezi Oktoba 1994, akiwa CERN karibu na Geneva, na mwaka huohuo Wanorwe wenzake wawili, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, walianzisha kampuni iliyoutoa Qt, mkusanyo wa vijenzi vya kuundia programu za madirisha. Mikondo hiyo miwili ilikutana mwaka 2006, toleo la 4.2 la Qt lilipoanza kukubali laha za mitindo. Mikusanyo mingine ya aina hiyo, GTK 3 na JavaFX 2, yote ya mwaka 2011, nayo hutumia njia inayofanana na hiyo.

Kila kanuni katika laha ina nusu mbili: kiteuzi, kinachosema ni kijenzi kipi kinachohusika, na tamko, linalosema kijenzi hicho kiwe na sura gani. Watu husifu tamko, kwa kuwa rangi huonekana na anwani haionekani, lakini ustadi wa kazi hii umo zaidi katika kiteuzi. Rangi mbaya husahihishwa kwa neno moja. Kiteuzi kibaya huharibu dirisha ambalo mwandishi wake hakulifikiria, na pengine ambalo halijatungwa bado.

Msomaji wa Kisii au Nyamira, nchini Kenya, ana kielelezo cha jambo hili karibu naye, nacho ni majina ya maeneo bunge, tisa katika kaunti ya kwanza na manne katika ya pili. Anayetaja Kitutu peke yake amegusa matatu: Kitutu Chache Kaskazini na Kitutu Chache Kusini zilizo Kisii, pamoja na Kitutu Masaba iliyo Nyamira. Hicho ni kiteuzi cha aina, kinachokamata kila kijenzi chenye asili moja, kama QPushButton inavyokamata vitufe vyote. Anayetaja Chache bila Kitutu amegusa manne, kwa sababu Nyaribari na Bomachoge nazo zina Chache yao. Hicho ni kiteuzi cha sifa, kinachovuka mipaka ya aina na kukusanya vyote vyenye alama moja. Akiyaunganisha majina mawili, Nyaribari na Masaba, amebakiwa na mahali pamoja tu. Tena Borabu ni eneo bunge kamili katika Nyamira, na wakati huohuo ni jina la pili la Bomachoge Borabu katika Kisii, kwa hiyo karani anayepanga barua bila kuuliza kama Borabu iliyoandikwa ni aina au ni sifa atapeleka nusu ya barua hizo kaunti isiyo yake.

Ukoo nao huingia. Nafasi tupu kati ya majina mawili ndani ya laha humaanisha kwamba la pili limo mahali popote chini ya la kwanza, na alama ya > humaanisha kwamba ni mtoto wake wa moja kwa moja. Mugirango ziko tatu, Kusini ikiwa Kisii, Magharibi na Kaskazini zikiwa Nyamira, na kwa hiyo kutanguliza jina la Nyamira huziacha mbili. Wadi ya Tabaka, penye machimbo ya mawe ya sabuni, imo ndani ya Mugirango Kusini. Anayeitafuta popote ndani ya Kisii ataipata, lakini anayeitafuta miongoni mwa watoto wa moja kwa moja wa kaunti ataikosa, kwa kuwa eneo bunge limesimama katikati.

Majina haya hufundisha jambo jingine ambalo miongozo ya programu hulipita haraka. Bomachoge ilikuwa eneo bunge moja hadi mapitio ya mipaka yaliyotangulia uchaguzi wa 2013 yalipoigawa kuwa mbili. Agizo la zamani lililosema Bomachoge bila kuongeza neno bado linazigusa zote mbili. Agizo lililofungwa kwa wilaya halikuwa na bahati hiyo: lililosema Kitutu za Wilaya ya Kisii liliipoteza sehemu ya Masaba pale Nyamira ilipotengwa kuwa wilaya mwishoni mwa miaka ya 1980. Ndivyo inavyokuwa kwa viteuzi virefu vinavyotaja ukoo mzima, dirisha hadi fremu hadi kisanduku, ambavyo huonekana makini siku vinapoandikwa na huvunjika siku fremu moja inapohamishwa. Navyo huvunjika kimyakimya, maana laha ya mitindo hailalamiki kiteuzi kisipopata wa kumlenga.

Katika Qt kuna nukta inayostahili kutazamwa kwa karibu. Kiteuzi QPushButton hukamata vitufe vya aina hiyo pamoja na vya kila aina iliyorithi kutoka kwake, ilhali .QPushButton, yenye nukta mbele, hukamata vile vya aina hiyo hasa na kuwaacha warithi. Katika kurasa za wavuti, na vilevile katika GTK na JavaFX, nukta hutangulia lebo ambayo mtunzi amekibandika kijenzi kwa hiari yake. Aliyetoka kwenye wavuti akaandika .hatari katika Qt huwa anaomba, bila kujua, aina ya kijenzi iitwayo hatari, na kwa kawaida hapati kitu. Ni vigumu kuusifu uamuzi huo wa waundaji wa Qt, lakini lililofichika ndani yake, kwamba urithi unaweza kufuatwa au kukatwa kwa alama moja, lina manufaa makubwa.

Manufaa hayo huonekana katika dirisha la kuandikia kilo za majani mabichi ya chai, la aina ambayo kituo cha kununulia majani upande wa Kebirigo au Nyansiongo, katika Nyamira, kingeweza kulitumia: namba ya mkulima juu, uzito wa jumla, makato ya gunia, kisha kilo halisi, vyote ndani ya fremu moja. Mtunzi anataka fremu hiyo iwe na mpaka wa kijani. Akiiwekea tamko bila kiteuzi, kila kilichomo ndani huvaa mpaka huo, visanduku na vitufe pia. Akiandika QFrame, visanduku vya kuandikia hupona, lakini maandishi ya maelezo hubaki na mpaka, kwa sababu QLabel, kijenzi cha maandishi hayo, ni mrithi wa QFrame. Jibu ni .QFrame yenye nukta, au #fremuYaMizani, yaani jina la pekee la kijenzi kimoja likitanguliwa na alama ya reli.

Jina la pekee lina gharama yake. Kanuni mbili zinapogombea kijenzi kimoja, laha hupima umahususi: huhesabu kwanza majina ya pekee, halafu sifa na hali, halafu aina, na hesabu ya kwanza iliyo kubwa hushinda bila kujali zinazofuata. Ikiwa QLineEdit#kiloHalisi imepakwa rangi nyeupe, na kanuni nyingine, QLineEdit[hali="kasoro"], inataka kisanduku kiwe chekundu makato yanapozidi uzito, ya kwanza ina 1-0-1 na ya pili 0-1-1, kwa hiyo weupe hushinda na karani haoni onyo lolote. Wengi hukimbilia kuongeza jina la pekee kwenye kanuni ya pili, na kuanzisha mashindano yasiyo na kikomo. Njia bora ni kuliondoa kwenye ya kwanza, ambayo haikulihitaji, na kuyaacha majina ya pekee kwa vijenzi ambavyo kweli havina mfano.

Hata hapo kazi haijaisha. Qt haikitazami upya kiteuzi cha sifa kila sifa inapobadilika. Kisanduku kikishapambwa, kugeuza hali kutoka sawa kuwa kasoro hakuleti wekundu mpaka msimbo ukivue kijenzi mtindo wake kwa unpolish na kukivisha tena kwa polish. Mtunzi mzoefu huiweka mistari hiyo miwili mahali pamoja, katika kazi moja inayobadili sifa na kupamba upya kwa pigo moja, ili asitegemee kumbukumbu ya atakayeuendeleza msimbo huo baadaye. Hali ambazo Qt huzifuatilia yenyewe, kama :hover kishale cha panya kinapopita juu ya kijenzi, :checked kisanduku kinapotiwa alama, au :disabled kijenzi kinapozimwa, hazihitaji taabu hiyo, na pale zinapokidhi haja ndizo za kutumia. Sifa za kubuni hubaki kwa mambo ambayo Qt haiwezi kuyajua, kama makato ya gunia yaliyozidi uzito wa majani yaliyomo.