Korido ya Thornton: Jinsi Msichana wa Sekondari Alivyofundishwa Kukimbia Mita 100

Habari za Betty Robinson kwa kawaida huanzia kwenye treni. Binti wa miaka 16, mwanafunzi wa Thornton Township High School katika mji wa Harvey, kusini mwa Chicago, amechelewa treni ya kurudi kwao Riverdale. Mwalimu wake wa baiolojia, Charles Price, ameshapanda na kuketi. Anachungulia nje, anamwona msichana anakuja mbio akiwa bado mbali, anajisemea moyoni kwamba huyo ameshaachwa. Mara anashtuka: binti yumo behewani. Hayo yalitokea mapema mwaka 1928. Tarehe 31 Julai mwaka huohuo, mjini Amsterdam, binti huyo akawa mwanamke wa kwanza kushinda mita 100 katika historia ya Olimpiki.

Ni masimulizi matamu, lakini yanapita haraka mahali penye kazi. Yanamwacha msomaji akiamini kwamba mtu anaweza kutoka stesheni ya reli akaenda kutwaa medali kwa kudra ya miguu yake. Kati ya treni na medali kulikuwa na miezi michache ya ufundi, na ufundi ule haukuwa umeandaliwa kwa ajili ya wasichana. Ulikuwa mali ya timu ya wavulana. Robinson aliufikia kwa sababu mwalimu mmoja aliamua hivyo.

Tuanze na korido. Price, ambaye pia alikuwa kocha msaidizi wa riadha, alimpima Robinson yadi 50 ndani ya korido ya shule, saa mkononi. Yadi 50 ni chini kidogo ya mita 46. Ukitazama kwa jicho la kocha, kipimo hicho kinasema jambo moja waziwazi na jingine kinalificha. Kinachoonekana ni uwezo wa kuongeza mwendo, kwa sababu mkimbiaji wa mbio fupi hutumia karibu umbali wote huo akiwa bado anapandisha kasi. Kinachofichika ni uwezo wa kuishikilia kasi hiyo ikishafika juu. Katika mita 100, nusu ya pili yote ni kazi ya kutopungua: mabega yasipande, taya zisikaze, mikono isianze kukata upande, hatua zisirefuke kwa papara. Hilo korido haiwezi kulipima, maana kabla hujalifikia ukuta uko mbele yako na lazima ushike breki.

Kwa hiyo Price alikuwa na nusu ya jibu tu. Nusu nyingine ilihitaji uwanja, washindani na muda. Shule haikuwa na timu ya riadha ya wasichana. Akamruhusu afanye mazoezi na wavulana. Robinson mwenyewe alieleza baadaye kwamba kabla ya hapo hakujua hata kama wanawake wana mashindano ya mbio.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye uchambuzi wenyewe. Mtu ambaye amekimbia maisha yake yote kwa kucheza, njiani, au kuwahi treni, anajua kukimbia akiwa wima. Mbio fupi za mashindano huanza kwa kuchuchumaa. Mtindo huo ulishakuwa wa kawaida kwa wanaume wa Marekani tangu mwisho wa karne ya 19, nao unaenda kinyume na silika ya mwili. Mikono iko chini, imebeba uzito. Kwenye amri ya pili kiuno kinapanda juu ya mabega, na unabaki umening'inia mbele, karibu kuanguka. Bastola ikilia hutakiwi kusimama kwanza ndipo ukimbie. Unatakiwa kuusukuma mwili mbele ukiwa bado umeinama, hatua za kwanza ziwe fupi na nzito, na kifua kiinuke polepole. Anayeinuka mapema hupoteza msukumo, na mita anayoiacha hapo hairudi kirahisi.

Vibao vya kuanzia havikuwa vinatumika. Vilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, na shirikisho la kimataifa la riadha halikuviruhusu hadi 1937. Mkimbiaji alikuja na koleo dogo la bustani, akachimba vishimo viwili kwenye uwanja uliotandazwa majivu ya makaa ya mawe, kimoja cha kila mguu. Kina cha shimo, mteremko wa ukuta wake wa nyuma na umbali kutoka mstarini vilikuwa sehemu ya ufundi. Shimo lililomomonyoka lilikula hatua ya kwanza yote. Korido ya Thornton haichimbiki, wala sakafu ya ukumbi wa ndani haichimbiki, kwa hiyo kila alichojifunza Robinson majira ya baridi kilipaswa kufundishwa upya theluji ilipoyeyuka. Wavulana walikuwa na majira kadhaa ya kuzoea mabadiliko hayo. Yeye alikuwa na wiki chache.

Angalia mfululizo wa mbio zake. Tarehe 30 Machi 1928, Chicago, ndani ya ukumbi: yadi 60, akawa wa pili nyuma ya Helen Filkey, mwanamke aliyekuwa akishikilia rekodi ya Marekani ya mita 100. Mwanzoni mwa Juni, nje, akakimbia mita 100 kwa muda wa kiwango cha rekodi ya dunia, ingawa haukuidhinishwa kwa kuwa upepo ulimsukuma. Tarehe 4 Julai, Newark, kwenye mchujo wa taifa, akawa wa pili nyuma ya Elta Cartwright. Kisha meli, kisha Amsterdam. Kwa mtu wa mbio fupi huo ni uzoefu mdogo mno.

Na fainali ya Amsterdam haikupima miguu peke yake. Walikuwa sita: Wakanada watatu, Wajerumani wawili, na yeye Mmarekani pekee. Mkanada Myrtle Cook aliondoka kabla ya bastola mara mbili, akatolewa. Mjerumani Leni Schmidt naye akatolewa kwa kosa hilohilo. Cook alibaki analia kando ya njia. Fikiria hali ya mtoto wa shule wa miaka 16 katikati ya vurugu hiyo: kuchuchumaa, kuinuka, kurudi nyuma, kuchuchumaa tena, wengine wakilia na wengine wakimfokea mwamuzi. Kila mara kiuno kinapanda, uzito unahamia mikononi, halafu yote yanafutwa. Mkimbiaji aliyezoezwa hubaki akisubiri mlio; asiyezoezwa huanza kuubahatisha. Robinson alibaki mahali pake. Bastola ilipolia kihalali walikuwa wanne, naye akamaliza kwa sekunde 12.2 mbele ya Fanny Rosenfeld wa Kanada. Ulikuwa ushindi wa karibu sana hata Wakanada wakakata rufaa, ikakataliwa.

Sekunde 12.2 ni wastani wa mita 8.2 kila sekunde, na ndani ya hesabu hiyo mna mwanzo wa kutoka sifuri. Maana yake ni kwamba kila sehemu ya kumi ya sekunde aliyookoa kwenye vishimo ilikuwa na thamani ya karibu hatua nusu mwisho wa mbio. Kwa pengo dogo kama lile, ninaamini medali ilipatikana ndani ya mita 20 za kwanza, katika kile alichofundishwa, zaidi ya kile alichozaliwa nacho.

Sasa tugeukie upande wa wavulana ili tofauti ionekane. Mashindano ya riadha ya jimbo la Illinois kwa wavulana wa sekondari yalikuwepo tangu 1893. Mvulana mwenye mbio alipita ngazi zilizopangwa: shule, wilaya, jimbo, taifa, kisha chuo kikuu. Jesse Owens ndiye mfano uliokamilika kuliko wote. Huko Cleveland, kocha Charles Riley alimpata akiwa bado kijana wa Fairmount Junior High, na kwa kuwa Owens alifanya kazi baada ya masomo, mazoezi yakahamishiwa asubuhi kabla ya kengele. Akaendelea hadi East Technical High School, na mwaka 1933, kwenye mashindano ya kitaifa ya shule mjini Chicago, akashinda yadi 100 kwa sekunde 9.4, yadi 220 kwa 20.7, na kuruka umbali mrefu akipita mita 7.5. Ile 9.4 ililingana na rekodi ya dunia. Riley alikuwa mwalimu mwema kama Price, lakini nyuma ya Riley kulikuwa na miaka kadhaa ya kazi na jukwaa la kumpeleka mwanafunzi wake. Price alikuwa na korido, miezi michache, na klabu ya wanawake mjini Chicago ya kumkabidhi binti, kwa sababu shule haikuwa na pa kumpeleka.

Pengo hilo halikutokana na usahaulifu, lilijengwa. Mwaka 1923 kilianzishwa kitengo cha wanawake cha shirikisho la michezo ya ridhaa la Marekani, kikiongozwa na Lou Henry Hoover, mke wa Herbert Hoover ambaye baadaye alikuwa rais. Walimu wengi wa kike wa elimu ya viungo walikiunga mkono. Hoja yao ilikuwa na mantiki yake: kila msichana acheze, asiachwe nje kwa ajili ya nyota wachache, na asitumiwe na wanaume wanaouza tiketi. Ninaiheshimu nia hiyo. Lakini tazama ilivyotekelezwa. Ikaja ile siku ya michezo ambapo wasichana wa shule mbalimbali walikusanyika, wakachanganywa kwenye timu mpya zisizo na jina la shule yoyote, ili asiwepo wa kushinda kwa niaba ya shule. Yakaja mashindano ya masafa, ambapo kila shule ilipima wasichana wake kwenye uwanja wake na kupeleka matokeo kwa posta au kwa simu ya maandishi.

Kwa mtazamo wa ufundi, mfumo huo unaondoa kitu ambacho mkimbiaji hawezi kukipata kwingine: mtu wa pembeni. Hakuna anayejifunza kutulia kwenye vishimo kama hajawahi kuchuchumaa kando ya anayetaka kumshinda. Wasichana wa miaka ile walinyimwa somo hilo kwa jina la kulindwa. Baada ya Amsterdam, magazeti yalipotia chumvi habari za uchovu wa wakimbiaji wa mita 800, mbio hizo za wanawake zikaondolewa kwenye Olimpiki, zikarudi 1960. Iowa ilikwenda njia yake: viongozi wa michezo ya shule walipotaka kuachana na mpira wa kikapu wa wasichana mwaka 1925, shule kadhaa, nyingi za vijijini, ziliunda umoja wao na kuendelea na mashindano ya jimbo. Hilo linathibitisha kwamba jambo liliwezekana pale wenyeji walipolitaka.

Penginepo ilibaki kutegemea mtu. Katika mji wa Fulton, Missouri, kocha Burton Moore alimpima Helen Stephens, binti wa mkulima, katika yadi 50. Saa ikasoma sekunde 5.8. Machi 1935, akiwa na miaka 17, Stephens alimshinda Stella Walsh, bingwa wa Olimpiki wa 1932, kwenye mashindano ya ndani mjini St. Louis. Mwaka uliofuata, kwenye Olimpiki ya Berlin, alishinda mita 100 kwa sekunde 11.5. Mwalimu, saa, yadi 50: ni ile korido ya Thornton tena, katika mji mwingine.

Wawili hao walikutana Berlin kwenye mbio za kupokezana vijiti, na hapo pana jambo ambalo kila kocha wa shule angepaswa kulijua. Juni 1931 Robinson aliumia vibaya katika ajali ya ndege ndogo. Alipopona, goti lilikataa kukunjika vya kutosha. Mwanzo wa kuchuchumaa, ule ufundi uliompa dhahabu, ukawa haumwezekani tena, na mita 100 zikamponyoka. Lakini katika vijiti ni mmoja tu anayeanzia chini, yule wa kwanza. Wengine watatu hupokea wakiwa wima, tayari wameanza kuondoka. Robinson akawekwa nafasi ya tatu, kwenye kona, ampokee Annette Rogers na kumpelekea Stephens. Wajerumani, waliovunja rekodi ya dunia kwenye mchujo kwa sekunde 46.4, waliongoza kwa mita kadhaa hadi mpokezano wa mwisho, ambapo kijiti kilimponyoka Ilse Dörffeldt. Cha Robinson kilifika mkononi mwa Stephens salama. Marekani ikashinda kwa 46.9.

Katika msafara huohuo wa Berlin walikuwemo wasichana wawili weusi: Tidye Pickett wa Chicago, na Louise Stokes aliyesoma Malden High School, Massachusetts. Mwaka 1932 wote wawili waliteuliwa kwenye kikosi cha vijiti cha Olimpiki ya Los Angeles, kisha nafasi zao wakapewa weupe. Safarini, kwenye hoteli moja ya Denver, walitengwa na wenzao na kupewa chumba cha juu darini. Berlin, Pickett alikimbia mita 80 kuruka viunzi na kuwa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kushindana katika Olimpiki. Stokes hakupewa nafasi hata ya kuanza. Mlango uliotegemea hiari ya mtu mmoja ulifunguka kwa baadhi, na wengine ukawafungia wakiwa wameshaushika kitasa.

Wavulana wa Thornton waliendelea kupata walichopangiwa; mwaka 1933 shule hiyo ilitwaa ubingwa wa jimbo wa mpira wa kikapu. Wasichana wa sekondari za Illinois walipata mashindano yao ya kwanza ya riadha ya jimbo mwaka 1973, miaka 80 baada ya kaka zao, na miaka 45 baada ya Robinson kurudi kutoka Amsterdam na medali.