Juu ya Wimbo wa Yatima Uliodhaniwa Kuwa wa Msituni

Mwaka 1992 Wafaransa wawili, Eric Mouquet na Michel Sanchez, walitoa albamu waliyoiita Deep Forest, maana yake msitu mzito. Walichukua sauti za watu wa nchi za mbali, zilizokwisha kunaswa na wataalamu wa nyimbo za makabila, wakazichanganya na ngoma na vinanda vya umeme, hata ukapatikana muziki laini ambao watu wa mijini hupenda kuusikiliza sebuleni wakiwa wamepumzika. Albamu ilienea sana duniani, walakini wasikilizaji wake hawajapatana juu yake hata leo. Yafaa tuzipime hoja zao, maana jambo hili lamhusu kila mwalimu akusanyaye nyimbo na desturi za watu.

Waisifuo husema kwamba sauti hizi zingalibaki makabatini mwa wataalamu, na sasa watu wengi wamezisikia na kuzipenda. Wengine hukiri kwamba hawafahamu neno hata moja, nao huona si kitu, kwa kuwa sauti yenyewe yatosha kuutuliza moyo. Wailaumuo husema ni wizi: waimbaji ni maskini, nao waliouza ni wengine. Hoja zote hizi zina kweli ndani yake. Lakini zapita kando ya kosa moja kubwa, nalo ni kosa la lugha.

Wimbo uliojulikana kuliko yote katika albamu hiyo huitwa Sweet Lullaby. Albamu yenyewe hufunguliwa kwa maneno ya Kiingereza yahusuyo watu wadogo waishio ndani ya msitu. Basi msikilizaji hudhani kwamba kila sauti aisikiayo ni ya wale ambao Waswahili wamezoea kuwaita Mbilikimo, ingawa wao wenyewe wana majina yao, kama Waaka, Wabaka na Wambuti. Sivyo. Sauti ile ni ya mwanamke aitwaye Afunakwa, wa kisiwa cha Malaita katika Visiwa vya Solomon, katika Bahari ya Pasifiki. Aliuimba wimbo uitwao Rorogwela kwa lugha yake ya Kibaegu, na Hugo Zemp, mtaalamu wa muziki, akainasa sauti yake. Santuri ikatolewa mwaka 1973 katika mfululizo wa UNESCO. Wanamuziki wale wakaitia sauti hiyo pamoja na milio ya watu wa Afrika ya Kati wachezao kwa kupiga maji, kana kwamba Malaita na misitu ya Kongo ni vijiji vya jirani.

Na maneno yake je? Mtoto mkubwa ambembeleza mdogo wake anayelia. Amwambia anyamaze, maana wazazi wao wamekwisha kufa, nao wamebaki wawili tu. Waliokufa wangali wakiwaangalia toka kisiwa cha wafu. Ni wimbo wa mayatima. Watu wameusikiliza wakinywa kahawa, wakausifu kwa utulivu wake, wala hawakujua kwamba wanasikiliza msiba. Wahenga walisema: Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Hapa wa mbali waliingia, na mfiwa hakuulizwa hata jina.

Kosa hili halikukaa mahali pamoja. Mwaka 1996 Jan Garbarek, mpiga saksofoni wa Norwei, aliupiga muziki wa wimbo huo katika albamu yake Visible World, akauita Pygmy Lullaby, yaani bembelezo la Mbilikimo. Hivyo wimbo wa Malaita ukahamishwa hata Afrika kwa jina, bila mwenyewe kuwako. Mwaka huo huo Zemp alilalamika kwa maandishi, na mwaka 2000 Steven Feld, mtaalamu wa Marekani, akaieleza habari yote kwa urefu.

Haki ya wanamuziki wale tuwape pia. Hawakuuharibu muziki wa wimbo. Waliiacha sauti ya Afunakwa mbele ya vyombo, na uzuri usikiwao ndani yake ni uzuri wa kweli. Msikilizaji aliyeguswa hakudanganyika moyoni. Alidanganyika akilini, kwa kuwa aliambiwa kwamba maneno ni sauti tu, kama mlio wa ndege au maporomoko ya maji. Na mtu akisha kufanywa mlio, ni rahisi kumwita kwa jina lo lote na kumweka katika nchi yo yote. Wizi wa fedha waweza kulipwa. Lakini neno lililonyang'anywa maana yake hulipwa kwa kurudishiwa maana hiyo, wala si kwa njia nyingine.

Kwa hiyo hukumu yetu juu ya albamu hii ni kwamba yapendeza masikioni, lakini ni pungufu, na upungufu wake ungaliweza kuondolewa kwa mistari michache ya maandishi: ni nani aliyeimba, wapi, kwa lugha gani, na alisema nini. Nasi tukusanyao nyimbo za wazee wetu, tusijisifu upesi. Mara ngapi tumeandika juu ya karatasi "wimbo wa kubembeleza mtoto", tukaliacha jina la bibi aliyetuimbia?