Breki Moja kwa Gurudumu Moja: Jinsi Gari la Fowili Lilivyofundishwa Theluji

Kila majira ya baridi, kampuni za magari za Ulaya na Asia hupeleka magari ambayo bado hayajauzwa hadi Arjeplog, mji mdogo wa kaskazini mwa Sweden, karibu na Mstari wa Aktiki. Maziwa ya huko huganda, barafu ikanenepa kiasi cha kubeba malori, na juu yake huchongwa barabara za majaribio: duara kubwa, kona za nyoka, vilima ambavyo upande mmoja ni barafu na upande wa pili ni lami iliyopashwa moto. Wahandisi huzunguka humo kutwa nzima wakitafuta jibu la swali moja. Gari likianza kwenda kusikotakiwa, litajuaje, na litafanya nini kabla dereva hajashtuka?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa magari yanayovutwa na magurudumu yote manne, yale ambayo mafundi wetu huyaita fowili. Wengi huamini kwamba gari la namna hiyo limekwisha maliza tatizo la theluji. Hesabu haikubaliani nao.

Tairi kwenye lami kavu huweza kushika kwa nguvu inayofikia kama 0.8 ya uzito wa gari. Kwenye theluji iliyoshindiliwa kiasi hicho hushuka hadi karibu 0.2, na kwenye barafu nyororo hadi 0.1 au chini yake. Chukua gari linalovutwa na magurudumu ya mbele tu, ambalo asilimia 60 ya uzito wake imekaa mbele. Likipanda mlima wa theluji, ni hiyo asilimia 60 peke yake inayolisaidia, nalo litaishia kwenye mwinuko wa kama mita 12 kwa kila mita 100. La fowili hutumia uzito wake wote, hivyo hufika karibu mita 20. Tofauti ni kubwa, na ndiyo iliyouza magari. Mwaka 1986 Audi walipiga picha za tangazo la gari lao la 100 quattro likipanda mnara wa kurukia ski huko Kaipola, Finland, Harald Demuth akiwa kwenye usukani. Kilichoonyeshwa kilikuwa cha kweli kabisa: uwezo wa kupanda.

Sasa tusimame. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, breki zikafungwa hadi mwisho, litahitaji karibu mita 12 kusimama kwenye lami kavu, karibu mita 50 kwenye theluji, na karibu mita 100 kwenye barafu. Hesabu hii haiulizi injini inavuta magurudumu mangapi, kwa sababu kila gari, hata la bei ya chini kabisa, hufunga breki kwa magurudumu manne. Kwenye kona ni vilevile. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 50 hukatika kwa kilomita 70 hivi kwa saa pakiwa pakavu. Pakiwa na theluji, mwisho wake ni karibu 36, uwe na fowili au usiwe nayo.

Hapo ndipo ilipo hatari. Gari la magurudumu mawili huonya mapema: ukiondoka tu tairi zinazunguka bure, mkia unayumba, na wewe unajua barabara ikoje. La fowili huondoka kimya kama liko kwenye lami, na dereva hufika kilomita 70 au 80 kwa saa bila kuambiwa lolote. Habari ataipata kwenye kona.

Dawa ya kona haikutoka kwa watu wa fowili. Ilitoka kwenye breki. Mwaka 1978 Bosch na Mercedes-Benz waliingiza sokoni breki za ABS za kielektroniki, zenye sensa za kuhesabu mzunguko wa magurudumu na valvu za kulegeza breki gurudumu linapotaka kujifunga. Kufikia 1986 mfumo huo uliweza pia kuzuia magurudumu yasizunguke bure dereva anapokanyaga mafuta. Kompyuta ikawa na masikio kwenye magurudumu na mkono kwenye breki. Ilichokosa ni kujua mwili wa gari wenyewe unageuka kuelekea wapi.

Mwaka 1989, Frank Werner-Mohn, mhandisi kijana wa Mercedes, aliteleza na gari la majaribio nchini Sweden akaingia mtaroni. Akiwa anasubiri kuvutwa alianza kuwaza: kompyuta ya breki ingeweza kupewa habari za mzunguko wa gari, je, isingelizuia lisigeuke? Yeye na wenzake walianza na jairo, kifaa cha kuhisi mzunguko, iliyotolewa kwenye helikopta ya kuchezea. Ilikuwa nzito kuitikia, ikabidi watafute iliyo nyepesi zaidi, lakini ilitosha kuonyesha kwamba wazo linafanya kazi. Bosch nao walikuwa na timu yao iliyoongozwa na Anton van Zanten, ambaye mwaka 2016 alipewa tuzo ya Ulaya ya wavumbuzi kwa kazi ya maisha yake. Pande hizo mbili ziliungana, na mwaka 1995 mfumo ukatoka kwenye gari kubwa la Mercedes la S-Class, aina ya kupe. Bosch waliuita ESP. Mwaka huohuo Toyota walitoa wa kwao nchini Japani, na taa yake ya VSC inajulikana sana kwenye dashibodi za magari yetu.

Namna mfumo huu unavyofanya kazi inastahili kutazamwa kwa karibu. Sensa ya usukani husema dereva anataka kwenda wapi. Sensa za magurudumu husema mwendo ni kiasi gani. Nyingine hupima nguvu inayosukuma gari pembeni. Ya nne, ambayo ndiyo moyo wa mfumo, hupima gari linazunguka nyuzi ngapi kwa sekunde: ndani yake kuna kipande kidogo kinachotetemeshwa mfululizo, na gari likigeuka mtetemo ule husukumwa upande. Msukumo huo ndio unaopimwa. Kompyuta hulinganisha nia na hali halisi kama mara 25 kwa sekunde.

Kwenye theluji kulinganisha tu hakutoshi. Dereva aliyeingiwa na hofu hukata usukani hadi mwisho, naye akitiiwa kama alivyo, gari litazunguka kama pia. Kwa hiyo kompyuta lazima kwanza ipunguze matakwa yake yalingane na uwezo wa barabara. Kwa kilomita 50 kwa saa, lami kavu huruhusu gari kugeuka kama nyuzi 32 kwa sekunde. Theluji huruhusu 8 tu. Mfumo huisoma barabara kupitia sensa ya msukumo wa pembeni, unagundua kwamba tairi hazina zaidi ya kutoa, na unaweka kikomo. Kigumu kuliko vyote ni kule kuserereka taratibu kwa upande, ambako gari huenda kiubavubavu polepole kiasi kwamba sensa karibu zote zinasema mambo ni shwari. Pembe ile haina sensa yake. Hukadiriwa kwa hesabu, na ni kwa ajili ya makadirio hayo wahandisi walihitaji maziwa ya barafu kila mwaka.

Uamuzi ukishapitishwa, kinachofanywa ni kufunga breki kwenye gurudumu moja. Mkia ukitoka, hufungwa la mbele la upande wa nje wa kona. Gari likikataa kukata kona na kwenda moja kwa moja, hufungwa la nyuma la upande wa ndani, na injini hupunguzwa nguvu. Mvuvi anayezamisha kafi upande mmoja ili mtumbwi ugeukie upande huohuo anaielewa kanuni hii bila kufundishwa. Pampu hufanya yote hayo dereva akiwa hajagusa breki. Yeye husikia mngurumo mdogo chini ya miguu na kuona taa ya kigari chenye michirizi miwili ikipepesa.

Sasa mpe mhandisi wa mfumo huu gari la fowili, kazi yake inaharibika. Mfumo unadai kila gurudumu liwe huru ili breki moja ilete matokeo mahali pamoja. Fowili, kwa asili yake, inafunga magurudumu pamoja kwa shafti na difu. Ukifunga la mbele kulia, mvuto unasafiri kwenye shafti na kulipunguza kasi la nyuma ambalo hukulikusudia, na mkia uliotaka kuutuliza unatoka zaidi. Audi quattro ya mwaka 1980 ilikuwa na difu ya kati na ya nyuma ambazo dereva alizifunga mwenyewe. ABS ilipokuja kuongezwa kwenye magari hayo, ilizimika pale difu ya nyuma ilipofungwa, kwani haikuwa na namna ya kufanya kazi. Hata leo, Land Cruiser yenye kufuli ya difu ya kati huweka VSC pembeni kufuli hiyo inapofungwa.

Kuna tatizo la pili, lililojificha zaidi. Kompyuta hujua mwendo wa gari kwa kusikiliza magurudumu. Kwenye gari la kuvutwa mbele, yale ya nyuma hayasukumwi na injini, hivyo hayadanganyi. Kwenye fowili iliyo juu ya barafu yote manne yanaweza kuzunguka bure kwa pamoja, na kompyuta ikaamini gari linakwenda kilomita 60 kwa saa kumbe ni 20. Ndiyo sababu magari hayo yaliongezewa sensa inayopima gari linasukumwaje kwenda mbele au nyuma, shahidi asiyetegemea tairi.

Suluhisho la shafti lilikuja kwa njia ya klachi. Mwaka 1998 kampuni ya Haldex ya Sweden ilitoa klachi ya sahani nyingi zilizozama kwenye mafuta, iliyotumika kwenye Audi TT na Volkswagen Golf za fowili. Hukaa kati ya shafti na difu ya nyuma, na hubanwa au kulegezwa kwa amri ya umeme. Breki za ABS au ESP zikianza kazi, klachi hulegea na kila gurudumu hurudi kuwa huru. Hatari ikipita, hubanwa tena. Tangu hapo fowili na ESP viliacha kugombana vikawa vyombo viwili vya kompyuta moja. Breki zenyewe zikachukua pia kazi ya kufuli: difu ya kawaida hugawa nguvu sawa pande zote mbili, kwa hiyo gurudumu linaloteleza hulinyima lenzake. Likibanwa kidogo kwa breki, lile lililoshika ardhi hupata nguvu ya kusukuma. X-Trail na RAV4 nyingi hutoka topeni kwa njia hii.

Umma uliujua mfumo huu wa ESP kwa ajali. Oktoba 1997 jarida la Teknikens Värld la Sweden lilifanya jaribio la kukwepa ghafla, ambalo Waswidi hulifanya kwa sababu ya elki, mnyama mkubwa wa misituni anayekatiza barabara. Gari jipya la Mercedes A-Class likapinduka, tena pakiwa pakavu. Kampuni ilisimamisha mauzo kwa miezi mitatu na kuweka ESP kwenye kila A-Class bila malipo ya ziada. Kilichokuwa cha matajiri kikashuka kwenye gari dogo. Mwaka 2007 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilikadiria kwamba mfumo huu hupunguza ajali za gari moja kwa asilimia 34 kwa magari madogo na asilimia 59 kwa yale marefu ya aina ya SUV. Umekuwa sharti la sheria kwa magari yote mapya ya abiria Marekani tangu mifano ya 2012, na Ulaya tangu 2014.

Kwa maoni yangu hakuna uvumbuzi wa breki uliowahi kuokoa watu wengi kimya kimya namna hii. Hata hivyo una mpaka, na mpaka huo ni tairi. Kompyuta hugawa mshiko uliopo. Haiwezi kuuongeza. Raba ya tairi za kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, ilhali ya tairi za baridi hubaki laini, na mikato yake midogo huing'ata theluji. Zitambue kwa alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Gari la kuvutwa mbele lenye tairi hizo litasimama kabla ya fowili yenye tairi za kiangazi. Sweden huzidai kisheria kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi barabara zikiwa na hali ya baridi. Ndugu aliyehamia Minnesota au Ontario akaambiwa anunue fowili kwanza, na atumie fedha hizo kwenye tairi nne za baridi kabla ya jingine lolote.

Kuna wakati mmoja wa kuuzima mfumo: gari likikwama kwenye theluji nene au tope, kompyuta ikawa inanyima injini nguvu kila tairi inapozunguka. Bonyeza kitufe, jinasue, ukiwashe tena mara moja.

Sisi tunaopokea Forester, X-Trail na RAV4 zilizotumika kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam tumerithi kazi hii yote, na tope la masika lina sheria zilezile za theluji. Basi usinunue tairi mbili mpya ukaacha mbili zilizolika kwenye fowili: vipenyo vikitofautiana, klachi ya kati hubaki ikisuguana na sensa hupokea habari za uongo. Fundi akinyoosha magurudumu, mwambie arekebishe pia sensa ya usukani, kwa maana usukani uliokaa upande huifanya kompyuta iamini unakata kona wakati unanyoosha. Na taa ya VSC au ESP ikiwaka bila kuzimika, usikubali itolewe balbu. Tafuta mwenye mashine ya kusoma hitilafu, uitengeneze kabla ya mvua.