Swali Moja kwa Wiki

Kumtungia mgonjwa wa maradhi ya muda mrefu ujumbe wa simu ni ufundi, na mfano wake ninaouheshimu kuliko yote ulifanyika hapa hapa Kenya. Mwaka 2007 mradi wa WelTel ulianza kuwaandikia watu wa Nairobi na Kajiado waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza makali ya VVU. Kila wiki muuguzi alituma neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alikuwa na saa 48 za kujibu "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida alipigiwa simu. Aliyenyamaza alipigiwa pia.

Tazama walivyojua kuacha. Ugonjwa hautajwi, hivyo shemeji akiishika simu haoni siri ya mtu. Dawa haitajwi, hivyo mgonjwa hajihisi anachungwa. Bando halihitajiki, simu ya kabambe yatosha. Na kile kimya, ambacho mitambo mingi hukipuuza, hapa kimehesabiwa kuwa jibu. Matokeo yalichapishwa katika The Lancet mwaka 2010: kati ya wagonjwa 538, waliosema wanafuata dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika kundi la ujumbe, na asilimia 50 katika kundi jingine.

Ufundi huo natamani uvuke feri uje Likoni, hapa Pwani, uwafikie wenye maumivu ya mgongo. Denmark na Norway walijaribu programu ya simu iitwayo selfBACK kwa watu 461, pamoja na bangili ya kuhesabu hatua; mwaka 2021 waliripoti kuwa ilisaidia, ingawa kwa kiasi kidogo. Ni kazi safi. Lakini hamali wa soko la Kongowea hakosi hatua. Kinachomuumiza ni gunia, na mwenzake wa Likoni huumizwa na mkokoteni anaoupandisha kutoka kwenye feri hali umejaa. Dereva wa lori Changamwe naye ana shida tofauti kabisa: kukaa kwenye foleni mpaka kiuno kikakamae.

Kwa hiyo swali lao litungwe upya. Binafsi nisingemuuliza mtu kila siku maumivu yake ni mangapi, sifuri hadi kumi. Ni kumfundisha kuyasikiliza maumivu asubuhi na jioni. Ningemwandikia mara moja kwa wiki: "Wiki hii kazi umeiweza?" Majibu matatu: nimeweza, nusu, sikuweza. Gharama ya kujibu isimguse, kwani mtu anayelipwa kwa mzigo huihesabu kila shilingi.

Anayejibu "nusu" ndiye wa kupigiwa kwanza, kabla hajalala kitandani. Hapo muuguzi ana la kusema: Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza elimu na mazoezi kwa maumivu ya kiuno yaliyopita miezi mitatu, na likashauri mikanda ya kiunoni isitumiwe kama tiba ya kawaida. Kwa anayejifunga mkanda kila alfajiri kabla ya kwenda sokoni, habari hiyo inahitaji sauti ya mtu, na nafasi ya kuuliza, "Sasa nifanyeje?"

Ndiyo maana gharama kubwa ya mpango huu si mtambo. Ni saa za muuguzi wa Likoni au Port Reitz, zilizoandikwa kwenye ratiba ya zamu yake na kulipwa kama saa za wodini.