Taa ya Vidole Viwili

Kwetu Ukerewe mvuvi wa dagaa hana haja na mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu anapumzika, anashona nyavu, anadaiwa dukani. Likirudi giza ndipo karabai zinapata kazi: zinaelea juu ya maji, dagaa wanazifuata, wavu unawazoa. Nimekua nikiamini kwamba taa ya mvuvi, popote ilipo, ni chambo. Ilibidi nifike Minnesota, Marekani, nikae juu ya ziwa lililoganda ndani ya hema la kukunja, ndipo nikute sheria inayomkataza mvuvi kumvuta samaki kwa taa. Chambo kinachowaka, chenye ndoano zake mwisho wa mshipi, kinaruhusiwa. Kumwangazia samaki ili aje, hapana. Taa inayoning'inia hemani ni ya binadamu peke yake: aone fundo, aone tundu lisimmeze mguu, amimine chai bila kujiunguza.

Na anaihitaji kweli. Samaki anayetafutwa kuliko wote huko ni walleye, aliyetangazwa samaki rasmi wa jimbo mwaka 1965. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha nuru, kama wa jicho la paka linapomulikwa na gari. Mwanga ukififia, samaki wadogo wanaanza kupapasa wakati yeye bado anaona, basi hapo ndipo anapokula. Mwezi wa Desemba jua la kule linazama kama saa kumi na nusu jioni. Kwa hiyo ile saa ambayo samaki anauma ndiyo hiyohiyo ambayo wewe huoni kidole chako.

Zamani walitumia taa za gesi, na wazee bado wanazisifu. Nawaelewa. Taa ya gesi ilikupa mwanga na joto kwa mkupuo mmoja, tena ilikuwa na ule mvumo wake unaomfanya mtu ajisikie ana mwenzake. Lakini ilikula hewa ya hemani, ikatoa kaboni monoksidi isiyo na harufu, na mvuke wake ulipanda darini ukarudi shingoni mwako kama matone. Jiko la gesi la kuotea moto bado lipo, kwa hiyo matundu ya hewa hayafungwi hata leo. Ila chanzo kimoja cha hatari kimetolewa, na kilichokitoa ni ukanda mwembamba wa taa za LED na betri ndogo.

Mahema yaliyokwisha kuwekewa taa kiwandani yapo, na sitamcheka anayeyanunua. Ninaowasifu mimi ni wale wanaojitengenezea nyumbani mwezi wa Novemba, hema limetandazwa kwenye banda la gari, miwani puani. Mmoja wao ni jirani yangu, mzee aliyekuwa fundi umeme. Siku ya kwanza nilipompelekea hema langu alinitazama mikono, akasema: "Hapa una vidole kumi. Kule utakuwa na viwili." Kazi yote aliyonifundisha baada ya hapo ilikuwa ni kuufafanua usemi huo.

Alianza na hesabu. Ukanda wa kawaida wa volti 12, wenye urefu wa mita 5 na taa 300, unakula wati 24, yaani ampea 2. Betri ya ampea-saa 7, ileile inayoendesha mashine ya kuonyeshea samaki, ingeuwasha kwa saa tatu na nusu tu. Hiyo ni kwenye karatasi. Nyuzi 20 chini ya sifuri, betri ya risasi na asidi hubaki na karibu nusu ya uwezo wake, na mashine ya samaki nayo inadai sehemu yake. Mzee akachukua mkasi, akakata mita moja na nusu, nyingine akairudisha kabatini. Wati 7 zinawatosha watu wawili wanaotazama matundu mawili. Anayejaza hema zima taa, aliniambia, anataka kuonekana kutoka ng'ambo ya ziwa.

Hukati popote unapotaka. Taa zimepangwa tatu tatu, kila kundi na kizuizi chake cha umeme, na kati ya kundi na kundi kuna alama ya mkasi. Taa moja ikiungua, mbili zilizo nayo zinazimika na nyingine zinaendelea. Lakini njia ya shaba ikikatika katikati, vyote vilivyo mbele yake vinakufa. Hilo nilijifunza kwa ubishi. Mwaka wa kwanza niliubandika ukanda kwa gundi yake mwenyewe, juu ya kitambaa. Usiku wa pili baridi iliing'oa gundi, ukanda ukaniangukia kichwani, nami kwa hasira nikaukunja niutie mfukoni. Plastiki iliyouvika ilikuwa imekakamaa kama ngozi kavu. Ukalia kà! Tangu hapo nusu yake haijawaka.

Sasa ukanda wangu umevikwa silikoni, ambayo hubaki laini kwenye baridi, na haugusi kitambaa. Umefungwa kwenye fito za hema kwa vibano vya plastiki. Kwenye kila kifundo, pale fito zinapojikunja hema likifungwa, waya umeachwa ulegee kiasi cha upana wa kiganja. Ukiubana hapo utapendeza bandani, na utakatika siku ya kwanza ziwani. Maungio yamelehemewa, kisha yakavalishwa vipira vyembamba vinavyosinyaa vikipashwa moto, vikabana kama soksi mpya. Utepe mweusi wa umeme huachia kwenye baridi na unyevu. Fyuzi ya ampea 3 iko karibu kabisa na betri, upande wa chanya, kwa sababu waya uliochunika ndani ya hema la nailoni si jambo la kujaribia bahati.

Betri inakaa ndani ya kasha la kubebea vinywaji baridi. Nilicheka nilipoliona kwa mara ya kwanza: kasha la kutunza barafu, juu ya barafu, linaizuia barafu isiingie! Mwaka jana nilihamia betri ya lithiamu yenye fosfati ya chuma. Ni nyepesi, na inastahimili baridi kuliko ile ya asidi, ila ina mwiko wake: haichajiwi ikiwa chini ya sifuri, utaiharibu kwa ndani. Ikirudi nyumbani inapumzika kwanza sebuleni kama mgeni. Taa zenyewe hazina neno na baridi. Adui wa LED ni joto, na kwenye baridi hutoa nuru zaidi kidogo.

Swichi ilituchukua jioni nzima. Nilikuwa nimenunua moja ndogo, maridadi, ya kupunguzia na kuongezea mwanga. Mzee akaiwasha karibu na mashine ya samaki, mistari ya uongo ikajaa kwenye kioo, kana kwamba tumetia mshipi kwenye kundi zima. Akaitoa. Akaweka swichi nene ya kubonyeza, ubavuni, usawa wa goti la mtu aliyeketi. Kisha akanipa glavu zangu nene, akazima taa ya banda, akaniamuru niunganishe betri gizani. Plagi aliyoichagua inaingia upande mmoja tu. Hata ukiilazimisha, chanya haiwezi kukutana na hasi. Nilihangaika, ikaingia, nikapapasa swichi, taa ikawaka. Ukanda hatukuuona, kwa kuwa umeelekezwa darini na nuru inashuka ikiwa imetulia. Kilichoonekana ni sakafu, na mikono yangu.

Taa hizi nyeupe zimetokana na LED ya samawati, kazi iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kwetu nako zimeingia, nyingine zikichajiwa kwa jua, na mvuvi anayezitumia hanunui tena mafuta ya taa kila anapoingia ziwani. Mjomba wangu ni mmoja wao. Usiku mmoja alinipigia nikiwa hemani, nikamgeuzia simu aone.

"Samaki anaiona hiyo taa yako, Mjomba?"

"Haoni, Mjomba. Hairuhusiwi."

"Sasa ni ya kazi gani?"

Nikamwonyesha fundo nililokuwa nafunga, nikausogeza waya karibu. Akanyamaza, akaomba nirudi nyuma kidogo, pale kwenye maungio. Hicho kipira ni nini? Nikamweleza. Akasema za kwake zinaliwa na maji kila baada ya miezi miwili, utepe hausaidii, na nikija mwezi wa saba nisije mikono mitupu.

Nimeshanunua pakiti mbili.