Vitenzi vya Vita: Fani na Maudhui katika Michezo ya Video ya Mapigano

1. Utangulizi

Nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo, jioni moja nilisikia sauti za watu wakipiga kelele kwa Kiswahili katika sebule ya bweni letu. Nilitoka chumbani kwa furaha nikidhani tumepata mgeni kutoka kwetu. Niliowakuta ni wanafunzi wenzangu wawili wakicheza mchezo wa video uitwao Resident Evil 5. Waliokuwa wakisema Kiswahili ni maadui, na kazi ya mchezaji ilikuwa kuwaua. Mwenzangu mmoja, pasipo nia mbaya, aliniuliza: "Wanasema nini?" Sikumjibu vizuri siku ile. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Makala hayadai kwamba michezo ya video ni fasihi. Yanadai jambo dogo zaidi: kwamba michezo ya vita ni kazi za sanaa zenye fani na maudhui, kwamba wengi wa wanafunzi wetu wameizoea tangu utotoni, majumbani na katika vibanda vya mitaani ambamo hucheza kwa malipo, na kwamba mwanaisimu wa Kiswahili anayo zana ya kuichambua. Hadi sasa mjadala umegawanyika mara mbili. Wanaoilaumu michezo hii hutazama maudhui peke yake, yaani damu na mauaji. Wanaoisifu hutazama fani peke yake, yaani uzuri wa picha na wepesi wa mashine. Pande zote mbili zimesahau kanuni tunayoifundisha kila mwaka, kwamba fani na maudhui havitenganiki.

2. Kauli kama kipimo

Msomaji wa riwaya husoma yale waliyoyatenda wahusika. Mchezaji wa mchezo wa video, kwa upande wake, hukabidhiwa vitenzi vichache, na kwa vitenzi hivyo hana budi kutenda mwenyewe. Mbuni wa mchezo huamua vitenzi hivyo ni vipi: kukimbia, kuruka, kulenga, kujificha, kununua, kuamuru. Kwa hiyo kitenzi ndicho sehemu ya kwanza ya fani ya mchezo, na hutangulia hata mandhari na usimulizi.

Mzizi mmoja tu wa Kiswahili, -pig-, unatosha kutupatia tanzu kuu za michezo hii tukiunyambua: kupiga, kupigana, kupiganisha, kupigania na kupigwa. Mnyambuliko huu hautuelezi tu namna mchezo unavyochezwa. Unatueleza pia nani ni mtenda, nani ni mtendwa, na nani hakupewa nafasi yoyote katika sentensi.

3. Kupiga na kupigana

Utanzu unaojulikana zaidi leo ni ule ambao mchezaji huona kwa macho ya mpiganaji, bunduki ikiwa mbele yake. Mchezo wa Doom, uliotoka mwaka 1993 kwa ajili ya kompyuta, ndio ulioueneza mno, na Call of Duty, iliyoanza mwaka 2003, ikaufikisha katika takriban kila mashine ya nyumbani. Hapa tuna usimulizi wa nafsi ya kwanza katika kauli ya kutenda. Mimi napiga. Adui ni shamirisho: huingia katika sentensi ili apokee kitendo, kisha hutoka. Mchezaji akiuawa, mchezo humrudisha nyuma hatua chache, naye huendelea. Adui akiuawa, amekufa. Tofauti hii ya vifo viwili ndiyo falsafa ya utanzu huu, hata pale ambapo hadithi inahubiri amani.

Haki inatudai tukiri kwamba baadhi ya michezo hiyo imejaribu kuitikisa kauli hiyo. Katika Call of Duty 4: Modern Warfare ya mwaka 2007, mchezaji aliyekuwa akimwongoza askari wa Kimarekani hujikuta, baada ya mlipuko wa bomu la nyuklia, akitambaa tu hadi anakufa. Hakuna analoweza kulitenda. Mwanzoni mwa mchezo huohuo mchezaji hutazama kwa macho ya rais aliyepinduliwa, akipelekwa garini kwenda kupigwa risasi. Lakini hebu tuitazame lugha. Nchi ya rais huyo wa Kiarabu haitajwi jina, na yeye mwenyewe anaitwa Yasir Al-Fulani. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi. Mtu pekee wa upande ule aliyepewa macho na kifo chake mwenyewe ameitwa Fulani, yaani mtu yeyote yule. Katika sehemu nyingine mchezaji hukaa ndani ya ndege yenye mizinga na kuwapiga watu wanaoonekana chini kama vidoa vyeupe. Hao hawakupata hata hilo jina la Fulani. Kauli ya kutendwa imo, ila imegawanywa kwa upendeleo.

Utanzu wa pili ni wa kutendana. Street Fighter II ya Capcom, iliyotoka mwaka 1991 katika mashine za sarafu na baadaye katika mashine za nyumbani, huwasimamisha wapiganaji wawili ana kwa ana. Kila mmoja ana kipimo sawa cha uhai juu ya kiwambo, na mara nyingi mpinzani ni rafiki aliyeketi karibu nawe. Mtenda ndiye mtendwa. Mtu wa Lamu aliyeshuhudia kirumbizi, fimbo zikigongana huku ngoma inalia, ataitambua adabu ya utanzu huu: mshindani wako ana jina, ana mtindo wake, na asipokuwapo hakuna mchezo.

Hata hivyo usawa wa kauli si usawa wa uwakilishi. Miongoni mwa wapiganaji wanane ambao mchezaji aliweza kuwachagua mwaka 1991, hakuna hata mmoja aliyetoka Afrika. Kenya ilipata mpiganaji mwaka 1997 katika Street Fighter III, msichana aitwaye Elena. Lakini sanaa anayopigania ni capoeira ya Brazil, kana kwamba nchi hii haikuwahi kuwa na mieleka wala fimbo. Amepewa nafasi ya mtenda, lakini kitenzi chake kimeazimwa.

4. Kupiganisha

Katika utanzu wa tatu mchezaji hapigi. Anapiganisha. Hutazama uwanja kutoka juu, huamuru, husubiri zamu yake. Mfano mzuri ni Advance Wars, iliyotengenezwa kwa ajili ya Game Boy Advance, mashine ndogo ya mkononi. Katika kiwambo kile kidogo kikosi kizima ni kijipicha kimoja chenye tarakimu inayopungua kutoka kumi. Miji inayotekwa huleta fedha, na fedha hununua vikosi vipya. Majemadari ni vijana wachangamfu wanaotaniana, na vita vikiisha wako salama.

Historia ya mchezo huu imekuwa funzo. Ulitoka Marekani tarehe 10 Septemba 2001, siku moja kabla ya mashambulizi ya New York na Washington, na huko Japani kutolewa kwake kukaahirishwa kwa miaka. Toleo lililoundwa upya liliahirishwa tena mwaka 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine, likatoka mwaka 2023. Mara mbili vita vya kweli vimewaaibisha wachuuzi wa vita vya uchangamfu. Aibu hiyo ni ushahidi kwamba hata wao walijua kuwa kile kijipicha kinawakilisha watu.

Tusikimbilie kuulaani utanzu huu, kwani bao letu ni la ukoo huohuo. Mcheza bao naye huamuru kete zisizo na majina. Lakini kuna tofauti inayostahili kutajwa. Katika bao la Kiswahili kete inayoliwa haitolewi ubaoni; hupandwa upande wa aliyeila na kuendelea kucheza. Ushindi ni wa kuhamisha, si wa kuangamiza. Nionavyo, sheria hiyo ni wazo zima kuhusu vita na mateka, nasi tumeketi juu yake miaka mingi bila kuliandika.

5. Kupigania na kupigwa

Missile Command ya Atari, ya mwaka 1980, ni mchezo wa kauli ya kutendea. Makombora yanaanguka kutoka angani, na mchezaji anatetea miji sita. Hana namna ya kumshambulia adui; anaweza tu kuyalipua makombora yakiwa njiani. Mwendo unazidi kuwa wa kasi, na mwishowe miji yote huangamia. Mtu atasema kwamba sababu yake ni ya kibiashara, kwani mashine ya sarafu isiyomshinda mchezaji haipati sarafu ya pili. Hiyo ni kweli. Lakini sanaa nyingi zimezaliwa na masharti ya soko, na mchezo huu, katika siku za hofu ya vita vya nyuklia, ulisema kwa muundo wake kwamba vita vya namna hiyo havina mshindi.

Kauli ya kutendwa iliyo kamili tunaipata katika This War of Mine, kazi ya mwaka 2014 ya kampuni ya 11 bit studios ya Warsaw, iliyochota kutoka katika kuzingirwa kwa Sarajevo kati ya mwaka 1992 na 1996. Wahusika ni raia wanaoishi katika nyumba iliyobomolewa. Mchana hutengeneza jiko na kitanda. Usiku mmoja wao hutoka kutafuta chakula na dawa. Mchezaji anaweza kuwaibia wazee wawili wasioweza kujitetea, naye atashiba, lakini aliyeiba hurudi nyumbani akiwa na huzuni inayoweza kumwangamiza. Mhusika akifa, harudi. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kwamba itauweka mchezo huu katika orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi wa shule za sekondari.

Kauli hii si ngeni kwetu. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, kuhusu vita vya Wajerumani kuitwaa Mrima, ulitungwa na mtu wa upande ulioshindwa. Jadi ya Kiswahili ilikwisha kujua kwamba aliyepigwa anaweza kuwa msimulizi, na kwamba kushindwa hakumnyang'anyi mtu ulimi.

6. Lugha ya adui

Turudi sasa kwenye swali la mwenzangu. Resident Evil 5, ya mwaka 2009, ilichezwa katika PlayStation 3 na Xbox 360. Shujaa wake ni Mmarekani mweupe, na mandhari yake ni mahali pa kubuni paitwapo Kijuju, ambapo hadithi inapaweka Afrika ya Magharibi. Wenyeji walioambukizwa ugonjwa huitwa Majini, nao hupiga kelele kwa Kiswahili. Picha za kwanza za mchezo zilipoonyeshwa mwaka 2007, watu kadhaa walilalamikia ubaguzi wa rangi. Lalamiko hilo lilikuwa la haki, ila lilihusu ngozi. Sisi tunawajibika kusema kuhusu lugha.

Kwanza, Kiswahili kimehamishiwa pwani isiyo yake, kana kwamba Afrika ni kijiji kimoja. Pili, neno jini limepunguziwa maana. Katika imani za pwani wapo majini wema na wabaya, na mtu anaweza kuafikiana nao. Tatu, na hili ndilo zito, lugha imetumiwa kama kelele. Mchezaji hatarajiwi kuielewa. Kazi yake ni kuashiria kwamba anayesema ni wa kupigwa. Anayeielewa, kama mimi jioni ile, hukuta kwamba mchezo haukumtengea kiti.

Linganisha na Civilization IV ya mwaka 2005, mchezo wa kupiganisha ambao humfungulia mchezaji kwa wimbo wa "Baba Yetu", uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa maneno ya Sala ya Bwana. Wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy mwaka 2011. Hapo Kiswahili ni sauti ya wanadamu wote mwanzoni mwa historia. Ni heshima kubwa, wala siipuuzi. Lakini hata hapo wengi wa wasikilizaji hawaelewi neno. Katika mchezo mmoja lugha yetu ni kelele ya kutisha, na katika mwingine ni sauti ya utukufu. Katika yote miwili haikutumiwa kumwambia mtu jambo.

7. Hitimisho

Jibu la "wanasema nini?" ni kwamba hawakupewa la kusema. Kosa hilo halitarekebishwa kwa kuongeza wahusika weusi katika kauli ileile ya kupiga. Litarekebishwa pale ambapo Kiswahili kitakuwa lugha ya kitenzi, si ya kishindo: mchezo ambao mchezaji hawezi kuendelea asipoelewa anachoambiwa.

Napendekeza kwa idara zetu mambo mawili. Tuikubali michezo hii katika masomo ya uhakiki, tukiipima kwa kauli kama tunavyopima utenzi kwa vina na mizani. Pili, wanafunzi wetu wanaosoma isimu wakutanishwe na wenzao wanaotunga programu za kompyuta, kwa sababu sheria za bao na masimulizi ya walioshindwa ni hazina ambayo hakuna mgeni atakayeichimba kwa niaba yetu. Tusipofanya hivyo, watoto wetu wataendelea kushika bunduki ya kiwambo na kuilenga lugha ya mama zao, huku wakiambiwa kuwa wanacheza tu.