Kidole Nje ya Triga

Wanaume wazima walijipanga mlimani Big Bear, California, wakashindana kupasua maputo kwa bastola. Ilikuwa miaka ya 1950, sinema za kauboi zimeshawaaminisha watu kuwa bingwa ni yule anayechomoa upesi na kufyatua kutoka kiunoni kwa mkono mmoja. Maputo yalikuwa hatua chache tu mbele yao, na bado waliyakosa. Mwenye mashindano, Jeff Cooper, ofisa wa zamani wa kikosi cha Marine aliyepigana Pasifiki katika Vita Kuu ya Pili, alishindana nao bega kwa bega.

Akatokea Jack Weaver, askari wa ofisi ya sherifu wa Los Angeles. Weaver alipandisha bastola mpaka usawa wa jicho, mkono wa kulia ukisukuma, wa kushoto ukivuta, akatazama anachokilenga, ndipo akapiga. Waliomtangulia kufyatua walikuwa wameshamwaga risasi zao vumbini. Mwaka 1959 ushindi ukawa wake.

Hapo ndipo ninapompendea Cooper. Mashindano yalikuwa yake na kanuni zilikuwa mikononi mwake. Angeweza kusema kushika kwa mikono miwili ni woga, na wengi wangemuunga mkono. Badala yake alikaa akamchunguza mgeni wake, miguu, viwiko, shingo, akaandika alichokiona, akakieneza kwa jina la Weaver, wala si lake. Mwalimu wa namna hiyo siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi.

Mengine niyapite haraka. Mwaka 1976 wapiga shabaha wa nchi mbalimbali walikutana Columbia, Missouri, wakaunda shirikisho la IPSC, na Cooper akawa rais wake wa kwanza. Mwaka huohuo alifungua chuo chake, Gunsite, huko Paulden, Arizona. Alifariki Septemba 2006, akiwa na miaka 86. Alikuwa na kalamu kali, na baadhi ya aliyoyaandika kuhusu siasa na watu sitayatetea hata kidogo.

Ninachokienzi ni kanuni zake nne, ambazo mtoto wa darasa la pili anaweza kuzikariri. Kila silaha ihesabiwe ina risasi. Mdomo wake usielekee chochote usichokuwa tayari kukiangamiza. Kidole kikae nje ya triga mpaka jicho limekamata shabaha. Ujue unachokipiga, na kilicho nyuma yake. Ukizitazama vizuri, zote nne zinamfundisha mtu kujizuia, na hii inatoka kwa mtu ambaye kasi ilikuwa ndiyo fani yake!

Ya tatu ndiyo tamu kuliko zote. Kidole kinalala kimenyooka ubavuni mwa bastola, juu ya triga, kimetulia kama mgeni aliyeambiwa asubiri barazani. Jicho likisharidhika, kinashuka na kuanza kukaza polepole, bila kunyakua, hata mlio unamshtua mpigaji mwenyewe. Maana anayejua risasi inatoka sekunde gani hujikunja kabla haijatoka, mdomo wa bastola ukainama, risasi ikachimba ardhi. Wanafunzi walitoka mbali wakalipia mafunzo ya kidole kimoja.

Nami huku Dar es Salaam hupanga foleni benki, mlinzi ameketi kwenye kiti cha plastiki, bunduki mapajani, mdomo wake ukitutazama tumboni, kidole kimejichomeka kwenye triga huku mkono mwingine ukipekua simu. Simlaumu sana. Kapewa sare, kapewa kirungu, kapewa na bunduki, na sina hakika kama kuna aliyekaa naye hata asubuhi moja akamwonyesha pa kukiweka kidole. Kisha tunasoma gazetini kwamba silaha ilifyatuka kwa bahati mbaya, eti ilidhaniwa chemba haina kitu. Kanuni ya kwanza iliandikwa kwa ajili ya neno hilo "ilidhaniwa".

Hata kwao Cooper mambo yalimwendea mrama. Mashindano aliyoyaasisi ili kupima bastola ambayo mtu huivaa kila siku yaligeuka mbio za vifaa: bastola za kuchongesha, lenzi juu, vizuia-mtikisiko mbele, ala ambazo hakuna angezivaa sokoni. Cooper alilalamika waziwazi mpaka uzeeni, na mchezo ukaendelea bila yeye.

Mahali ambapo somo lake limeshika ni pa ajabu. Thell Reed, aliyekuwa kijana mdogo kati ya wale mabingwa wa Big Bear, baadaye alifundisha waigizaji wa Hollywood kushika bastola. Tazama sinema za sasa: mara nyingi kidole cha mwigizaji kimenyooka, kiko nje kabisa ya triga, na bastola yenyewe ni ya maonyesho. Mlinzi wetu pale benki ana risasi za kweli.